Nilimzima Sauti Mume Wangu Nikifukuzia Daraja

Mkosaji ni mimi. Nalisema mapema ili usije ukasoma hadi katikati ukaanza kutafuta mwingine wa kumlaumu. Hakuna mchepuko hapa, hakuna mchawi, hakuna mama mkwe mkorofi. Ni mimi na simu yangu.

Jina langu naomba libaki kwangu. Tunduma ni ndogo, na wanaonijua wananijua kwa kusuka. Nina saluni yangu mtaa wa Chapwa. Wateja wangu wakijua hili, sijui nitashika vichwa vyao kwa mikono gani!

Basi sikiliza, nikwambie kama ninavyomwambia mtu ninayemwamini.

Mume wangu ni dereva wa lori. Nitamwita Baba Tumaini, kwa jina la binti yetu. Anabeba mizigo kutoka Dar, anapita hapa mpakani, anaingia Zambia mpaka kule kwenye migodi ya shaba. Mke wa dereva anajua maisha haya. Wakati mwingine foleni ya malori inafika mpaka karibu na kwetu, mwanaume yuko hatua chache kutoka kitandani kwake, lakini hawezi kuja kulala kwa sababu mzigo hauachwi peke yake. Unampelekea ugali na mboga kwenye hotpoti, mnakula mmekaa kwenye ngazi ya lori, unarudi nyumbani na vyombo.

Tulipoanza uchumba yeye bado alikuwa utingo, mimi najifunza kusuka. Ndiyo akanifundisha ule mchezo wa simu. Vijana wanaujua. Mnaruka na parachuti kwenye kisiwa, timu nyingi, mnaokota silaha, mnapigana, uwanja unazidi kuwa mdogo mpaka ibaki timu moja. Unaongea na wenzako kwa maiki ya simu, hata kama mmoja yuko Kapiri kule Zambia na mwingine yuko Vwawa huku kwetu.

Mume wangu ni mbovu wa mchezo ule! Mbovu kabisa. Alikuwa hajali kushinda. Kazi yake ilikuwa kutangaza. Anatangaza mechi kama mtangazaji wa mpira redioni: "Bibie anaingia kwa upande wa kulia, anaruka ukuta, lahaula, amekutana na jamaa watatu, dada huyu haogopi jamani, dada huyu anatoka Chapwa!" Kabla sijamaliza kucheka tumeshakufa wote wawili. Tunaanza tena.

Hivyo ndivyo tulivyopendana, nisikudanganye. Wengine wana barua, wengine wana picha za ufukweni. Sisi tulikuwa na kufa kwenye mchezo.

Tumaini alipozaliwa tukaacha. Nani ana muda? Mtoto analia, mteja anasubiri, simu yenyewe imepasuka kioo. Ikapita miaka.

Mwaka jana akiwa amekwama ng'ambo akaniambia, "Mama Tumaini, turudie ule mchezo wetu. Huku nakaa na malori tu, nimechoka kuongea na matairi." Nikafurahi sana. Nikaupakua siku ile ile.

Jamani! Nilikuta dunia nyingine. Silaha mpya, ramani mpya, vitoto vya juzi vinaruka huku vinapiga risasi, vinakutukana mpaka ukoo. Daraja langu la zamani lilikuwa limefutwa. Zamani nilikuwa nimepanda, jina langu lilikuwa na alama ya dhahabu pembeni. Sasa nimewekwa chini kabisa na watu wanaojifunza kushika simu.

Baba Tumaini aliona ni kichekesho. "Afadhali," akasema, "sasa tuko darasa moja."

Mimi haikunichekesha. Iliniuma. Na kosa langu lilianzia hapo, kwenye yale maumivu madogo ambayo sikumwambia mtu.

Nikaanza kufanya mazoezi. Asubuhi kabla ya kufungua saluni, mchana kati ya mteja na mteja. Nikawa naangalia video za watu wanaoelekeza namna ya kulenga. Mchezo wenyewe nao unajua kukukamata. Kila ukiufungua unakuta umepangiwa kazi: leo fanya hili, kesho fikia pale, usipoingia leo unapitwa. Nikawa naamka nawaza kazi za mchezo kabla sijawaza uji wa mtoto.

Na nikawa mzuri. Hilo nalo nalikiri, maana kulificha itakuwa uongo. Nilikuwa mzuri na nilipenda kuwa mzuri. Siku nzima mtu ananiambia kaza hapa, legeza hapa, mbona nyuzi zinaonekana. Halafu nashika simu nawaangusha vijana wenye vifua vyao! Kutaka kushinda si dhambi, sijasema hivyo. Ninachosema ni kwamba sikuona ni wapi raha iliishia na nini kikaingia mahali pake. Ilifika wakati nikishinda sicheki. Nashusha pumzi tu, kama mtu aliyenusurika, halafu natafuta mechi nyingine.

Ndipo nikampata Chanda. Ni kijana wa Nakonde, ng'ambo ya pili tu hapo, anauza kava na chaja za simu. Anaongea Kiswahili chetu cha mpakani, Kibemba ndani yake na Kiingereza kidogo. Yeye na binamu yake walikuwa wanataka kufika daraja la juu kabisa kabla msimu haujaisha. Akaniona ninavyocheza akaniambia, "Iwe mune, njoo kwetu. Wewe si wa kucheza na watu wa utani."

Iwe ni wewe, na mune kwao ni rafiki. Nikavimba kichwa! Nikaingia kwenye timu.

Sasa Baba Tumaini akawa tatizo. Akiegesha lori jioni anaingia, anaona niko na akina Chanda, anaomba nafasi. Nikimpa, anaanza kutangaza. Adui yuko nyuma ya mlango, mimi nasikiliza hatua, yeye: "Wasikilizaji, hali ni tete hapa Chapwa!" Nakosa kusikia, nauawa, daraja linashuka.

Siku moja nikalipuka. Mbele ya Chanda, mbele ya binamu yake.

"Kama hujui kucheza kaa na lori lako! Unanirudisha nyuma! Kila ukiingia wewe nashuka!"

Nikasikia injini ya lori jingine ikipita kwake huko alikokuwa.

"Sawa, Mama Tumaini," akasema. "Nilikuja kukusalimia tu."

Akatoka. Unadhani nilimfuata? Nilibonyeza mechi nyingine.

Baada ya hapo akija na nafasi ipo, namruhusu, lakini namzima sauti. Unaweza kufanya hivyo kwenye mchezo, unagusa jina la mtu, unachagua usimsikie. Yeye hajui kuwa umemzima. Anaendelea kuongea tu. Hebu fikiria hilo. Mume wangu aliongea peke yake jioni ngapi, mimi nikiwa namwona kwenye kioo anakimbia nyuma yangu, mdomo wake nimeuziba!

Na kingine. Simu ikiita katikati ya mechi inakuvuruga, kwa hiyo nilikuwa nimeiweka isiingize simu wala ujumbe wowote ninapocheza. Akitaka kuongea na mimi ilibidi anifuate humo humo kwenye mchezo. Alilalamika. Alinitumia ujumbe wa sauti mara kadhaa, wa lawama, taratibu tu, maana si mtu wa kufoka. "Mke wangu, nikikupigia hupokei. Mtoto akiugua nitajuaje?" Nikachoka kuzisikiliza. Nikawa naziacha.

Sasa nakuja kwenye ile Jumamosi.

Msimu ulikuwa unaisha siku ile. Nilikuwa nimebakiza mechi chache tu kufika juu kabisa. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, watu wanajiandaa na kanisa, lakini mchana mvua ilinyesha, nikasingizia umeme, nikafunga. Tumaini nikampeleka kwa jirani. Nikakaa kwenye kiti cha wateja, simu kwenye chaja, nikaiziba isiingize kitu.

Tukacheza, tukashinda, tukacheza, tukashinda. Ikabaki moja. Moja tu!

Hapo mtu wetu wa nne, kijana tuliyemwokota humo humo kwenye mchezo, mtandao ukamkatika. Chanda akaanza kupiga kelele, "Tafuta mtu! Yeyote! Muda unaisha!" Nikaangalia orodha ya marafiki, nikaona jina la Baba Tumaini limewaka. Nilishangaa, hakuwa ameingia kwa siku nyingi. Alikuwa anarudi nyumbani kutoka migodini na nilijua yuko njiani. Nikadhani amekuja kuomba tupatane.

Nikamwita. Akaingia papo hapo, kama aliyekuwa anasubiri mlangoni. Kabla hajasema neno, nikagusa jina lake, nikamzima.

Tukaruka. Tukatua. Mimi na akina Chanda tukaanza kuokota silaha. Yeye hakuokota kitu. Alinifuata mimi. Nikiingia chumba anaingia, nikitoka anatoka. Akisimama mbele yangu anachuchumaa, anasimama, anachuchumaa, anasimama. Ananizibia njia.

"Baba Tumaini, leo usinitanie!" nikamwambia kwenye maiki. "Leo siyo siku ya utani!"

Akachuchumaa tena.

Chanda akasema, "Mune, huyu bwana wako anaongea. Wewe humsikii?"

"Nimemzima. Anasema nini?"

"Anasema anasikia baridi. Baridi sana."

Na mimi nikajibu. Maneno haya nimeyarudia kichwani mpaka yamenitoboa. Nilijibu, "Mwambie avae sweta!"

Binamu yake Chanda akaangua kicheko. Chanda akacheka. Mimi nikacheka zaidi yao wote.

Tukasogea. Uwanja unazidi kuwa mdogo, timu zimebaki chache. Chanda akarudia, safari hii hacheki. "Mune, anasema umpigie Simbeye. Anarudia hilo tu. Simbeye, Simbeye."

Simbeye ni dereva mwenzake, mtu mzima, wanasafirishia kampuni moja. Nikasema hao watakuwa na mambo yao ya madereva.

"Mzime na wewe," nikamwambia Chanda. "Mzimeni wote. Tunapoteza mechi!"

Wakamzima.

Umeelewa nilichofanya? Watu wawili tu walikuwa bado wanamsikia mume wangu duniani, na nikawaambia waache kumsikia.

Dakika chache baadaye akapigwa risasi, akaanguka. Kwenye mchezo ule ukianguka hufi mara moja, unatambaa, mwenzako anaweza kukuinua akikuwahi. Akatambaa kunifuata. Nilikuwa karibu kabisa, nyuma ya jiwe, na adui alikuwa bado mbali. Ningeweza. Lakini kumwinua ni kupoteza sekunde na kujionyesha. Nikamwangalia anavyotambaa, nikahesabu faida na hasara kama mtu anayepima mchele, nikakimbilia upande mwingine. Jina lake likawa la kijivu.

Hakutoka. Ukifa unaweza kubaki ukawatazama wenzako. Akabaki anatazama.

Tukashinda! Nilirukaruka peke yangu saluni, nikapiga kelele mpaka mpita njia akachungulia dirishani. Alama mpya ikatokea pembeni ya jina langu, inametameta. Chanda analia kwa furaha huko Nakonde. Nilipoangalia tena, jina la Baba Tumaini lilikuwa limezimika.

Nikarudisha simu kwenye hali ya kawaida. Zikaingia taarifa kwamba amenipigia kwa intaneti mara nyingi. Na ujumbe mmoja wa sauti.

Nikauangalia. Nikasema moyoni, lawama hizo, nitasikiliza nikitulia. Kwa nini niharibu furaha yangu?

Nikamchukua mtoto, nikapika, nikamwogesha. Nilimpigia mara moja, simu haipatikani. Nikasema amenuna, na mimi nikanuna. Nikalala.

Kesho yake tumetoka kanisani, bado nimevaa kitenge changu cha kwaya, simu ikaita. Mama mkwe. Yuko kijijini kwake Igamba, analima kahawa na mahindi yake, na si mtu wa kupiga simu ovyo. Salamu ya kwetu ni ndefu, lakini siku ile hakusalimia.

"Mkwe wangu, uko wapi?"

"Niko njiani, mama, tumetoka kanisani. Shikamoo."

"Mwenzio yuko hospitali Mpika, huko Zambia, tangu asubuhi, amebebwa hajitambui. Wewe uko wapi?"

"Mpika? Nani, mama?"

"Mume wako ni nani?"

Nikakaa chini, pale pale pembeni ya barabara, na kitenge changu, watu wa kanisa wanapita. Tumaini akaniuliza, "Mama, unacheza nini?" Aliniona nimekaa chini akadhani ni mchezo.

Ndipo nikafungua ule ujumbe. Kwa sauti ambayo sikuijua, ya mtu anayegonganisha meno:

"Mama Tumaini... nimeegesha, bado kidogo nifike Mpika. Mwili unatetemeka, siwezi kushika usukani. Salio la kupiga limeisha, limebaki bando tu. Simbeye yuko nyuma yangu, anatumia kitochi, simpati kwa intaneti. Mpigie, mwambie asinipite. Nakupigia hupokei... Naona uko kwenye mchezo. Haya, nakuja huko huko."

Nakuja huko huko.

Alikuja. Na simu yake ya betri mbovu, na homa yake, alikuja kunitafuta mahali pekee ambapo alijua nipo. Nikamwambia avae sweta.

Simbeye alimpita jioni ile ile bila kujua. Aliliona lori limeegeshwa taa zimezimwa, akasema kijana anapumzika. Akalala Mpika, asubuhi hakumwona, moyo ukamsuta, akarudi nyuma. Akagonga mlango, kimya. Akavunja kioo. Ningempigia mimi, angemkuta bado anaongea.

Tulisafiri mimi na mama mkwe. Yeye alishuka kutoka Igamba, tukakutana mpakani, tukapata kibali, tukapanda basi Nakonde. Njia nzima hakuniuliza kitu. Kanga kichwani, mikono mapajani, anaangalia miti. Nilitamani anitukane! Mara moja tu, tumevuka Isoka, akanigeukia.

"Hospitali walimuuliza wampigie nani. Alipozinduka kidogo. Akataja namba yangu. Kwa nini hakutaja yako?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Uongo juu ya kosa! Hata pale nilidanganya.

Tulimkuta ana dripu, midomo imepasuka, macho ya manjano. Malaria ilikuwa imepanda kichwani na imegusa figo. Daktari alisema kwa Kiingereza na muuguzi akatutafsiria, kwamba kama angeletwa mapema kidogo habari ingekuwa nyingine, na kama angechelewa zaidi tungekuja kuchukua mwili.

Mama alimshika mguu, akasali kwa Kinyiha, lugha ya kwao, kwa sauti ya chini. Mimi nikasimama upande wa pili sijui niguse wapi.

Akafungua macho. Akaniangalia muda mrefu.

"Ulipanda?" akaniuliza.

Sikuelewa. "Nini?"

"Daraja. Ulipanda?"

Jamani. Jamani, jamani! Hakuuliza kwa kejeli. Mtu yule hajui kejeli. Alikuwa anataka kujua kweli.

Nikaanza kulia. "Nisamehe. Nilikuwa nimekuzima, sikukusikia, Baba Tumaini, haki ya Mungu sikukusikia."

"Najua," akasema. "Mimi sikukuzima. Nilikusikia." Akapumua. "Nilisikia mnacheka lile la sweta. Halafu nikasikia ukisema wanizime wote. Hapo ndipo nikaacha kuita, nikakaa kuwatazama tu. Nikasema angalau anacheka."

Mama mkwe akainua kichwa. "Sweta gani?"

Yeye akafumba macho, mimi nikaanza kurekebisha shuka lake. Lakini baadaye, nje, kwenye benchi, nilimwambia mama yote. Toka mwanzo. Sikuacha kitu. Aliposikia alivua viatu vyake taratibu, akavipanga pembeni ya benchi kama mtu anayetaka kuingia nyumbani, akakaa hivyo miguu wazi sakafuni. Mwisho akasema, "Mwanangu alikuwa anatambaa, na wewe unamwona."

"Kwenye mchezo, mama."

"Nimesikia ni kwenye mchezo."

Hakuongeza neno hadi leo kuhusu jambo hilo.

Baba Tumaini alipotoka hospitali hakurudi Chapwa. Mama alisema anakwenda Igamba kupona, na yeye hakupinga. Daktari alikuwa amemkataza kukaa muda mrefu kwenye usukani. Lori likapewa mtu mwingine. Mwanaume aliyezoea kuvuka nchi akawa anapalilia kahawa kwa mama yake, akichoka anakaa.

Mimi na Tumaini tulikuwa tunakwenda kila nilipoweza. Tunashuka Vwawa, tunatafuta usafiri wa kupanda Igamba. Ananipokea vizuri. Ananiuliza habari za saluni. Anamrusha mtoto juu. Lakini tukibaki wawili maneno yanaisha, na zamani maneno yalikuwa hayaishi.

Nilifuta mchezo. Nilimwambia kwa kujivunia, nikitegemea atafurahi. "Nimeufuta kabisa, na ile alama imekwenda na maji."

Akatikisa kichwa. "Mchezo haukuwa na shida, Mama Tumaini. Mimi niliupenda. Mimi nilikuwa nakuja kukaa na wewe. Wewe ulikuwa unakwenda mahali."

Chanda naye alinitafuta, akaja mpaka saluni. Kijana mdogo kuliko nilivyodhani. Alisimama mlangoni hataki kuingia. "Mimi nilimsikia," akasema. "Wewe hukusikia, lakini mimi nilisikia sauti yake, na nikamzima kwa sababu uliniambia. Silali vizuri, mune." Nikamwambia mzigo huo si wake, ni wangu. Sikujua namna nyingine ya kumsaidia. Angalia basi, kosa langu lilivyomwingia hata mtoto wa watu.

Baba Tumaini amerudi barabarani sasa, safari fupi fupi. Juzi hapa aliegesha Nakonde akisubiri makaratasi, akaniandikia: "Tucheze moja?"

Nikaupakua upya. Daraja langu liko chini kabisa na namshukuru Mungu. Tukaruka wawili, tukatua kwenye vibanda fulani. Nikaweka sauti yake juu mpaka mwisho, nikaisogeza simu usoni karibu niile.

Nikwambie ukweli mwingine wa aibu. Alipokosea njia akatupeleka palipo na adui, lile tusi lilipanda kooni mwangu lile lile. Halijafa! Nilidhani limekufia Mpika. Nikalimeza, likashuka kama mfupa wa samaki.

Lakini siyo hilo lililoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba hakutangaza. Alicheza vizuri. Alinifuata, aliokota silaha, alinilinda mgongo, nikimwambia kushoto anakwenda kushoto. "Sawa." "Nimeona." "Niko nyuma yako." Basi. Tulifika mbali kuliko tulivyowahi kufika pamoja, tukawa wa tatu. Miaka yote ile nilitaka acheze hivyo, na sasa anacheza hivyo, na nilikuwa nasikiliza pumzi zake kwenye maiki nikingoja aseme upuuzi wowote. Hakusema.

"Umecheza vizuri," nikamwambia.

"Nimejifunza," akanijibu.

Wewe unayesoma, unayerudi kwenye mchezo uliouacha zamani na watu ulioucheza nao, nakuomba. Taka kushinda, hakuna ubaya. Fanya mazoezi, panda, furahia kupanda. Lakini mtu akikufuata humo, kumbuka alichokifuata. Huenda hajali hata kidogo nani anashinda. Na ukijikuta unamwona mwenzako kama mzigo unaokurudisha chini, weka simu chini saa hiyo hiyo, nenda kapike, nenda kafue, nenda popote! Usingoje mechi iishe. Mimi nilikuwa nasema "hii moja tu" na kwenye hiyo moja ndimo mume wangu alimokuwa anaita.

Na hizo jumbe za sauti ulizoziacha kwa sababu unajua ni lawama, zifungue leo. Hujui. Kweli kabisa hujui kilichomo.

Nikimaliza kuandika hapa nampigia. Simu ya kawaida, isiyo na mechi wala kisiwa. Nitamwambia anisimulie barabara ilivyokuwa leo, malori mangapi, nani amekwama wapi. Akiongea kwa neno moja moja nitasikiliza hayo moja moja. Sitamharakisha.